Wahandisi na wanalugha wakae baraza moja, mashine zisije zikajifunza Kiswahili nusu

Maneno mawili ambayo kila mwenye simu huyatumia siku hizi, kupakia na kupakua, yalikuwa ya bandarini kabla ya kuwa ya mtandaoni. Hapa Wiyoni, pembezoni mwa mji wa Amu, kupakia ni kupanga boriti za mikoko ndani ya jahazi, na kupakua ni kuziteremsha. Kijana ambaye babu yake aliota sugu begani kwa kazi hiyo sasa hupakia picha na kupakua nyimbo, wala haoni kwamba kuna neno lililohama. Kuvinjari nako kulikuwa kazi ya vyombo vizungukavyo baharini kwa doria kabla hakujawa kazi ya vidole. Na akili unde, istilahi iliyoanza kushika hapa Kenya (wenzetu wa Tanzania wameshikilia akili mnemba), imetokana na kitenzi kuunda. Mtu wa pwani akisikia kuunda huona mashua kwanza. Matondoni, upande wa pili wa kisiwa hiki, mpaka leo wanaunda.

Linganisha maneno hayo na tarakilishi, ngamizi na rununu. Tuliyafunza darasani, wanafunzi wakayaandika kwenye mtihani, wakapata alama zao, kisha wakatoka nje wakasema kompyuta na simu. Simlaumu aliyeyaunda, maana alijaribu wakati wengine tumekaa. Ila neno halina budi kupita mikononi mwa wanaolihitaji kabla halijapigwa muhuri, na kwa miaka mingi waliokuwa na muhuri na waliokuwa na mashine hawakuwa wakikutana.

Kwa muda mrefu umbali huo baina ya mtaalamu wa kompyuta na mtaalamu wa lugha na jamii ulitugharimu istilahi tu. Neno likikataa kushika, tulicheka tukaendelea. Sasa gharama imepanda. Mashine hazingoji tena tuzitafsirie vitufe; zinajifunza lugha yenyewe, kuisikia, kuiandika na kuijibu. Atakayeamua Kiswahili ni kipi ndani ya mashine hizo ameshaanza kuamua, na mara nyingi hata hajui kwamba anaamua.

Nieleze kwanza namna mashine inavyofunzwa kusikia, kwa maana wanalugha wenzangu wengi hulizungumzia jambo hili kana kwamba ni uchawi. Si uchawi. Mashine hupewa sauti na maandishi ya sauti hiyo, maelfu kwa maelfu, mpaka izoee kwamba mlio fulani huandikwa hivi. Sauti na maandishi lazima vitoke kwa watu. Mojawapo ya njia zinazojulikana sana ni Common Voice, mradi ulioanzishwa na Mozilla mwaka 2017. Mtu hufungua ukurasa, huonyeshwa sentensi, huisoma kwa sauti, na watu wengine huisikiliza na kusema ndiyo au la: je, alichosoma ndicho kilichoandikwa? Mkusanyo unaopatikana hutolewa bure kwa yeyote duniani. Mwaka 2021 Mozilla ilitangaza kupata dola milioni 3.4 kwa ajili ya kazi hiyo Afrika Mashariki, na Kiswahili ndicho kilichowekwa mbele.

Ni jambo jema, tena sana. Lakini tazama hapo palipo na kijitundu. Mtu husoma sentensi iliyokwisha kuandikwa. Ikiwa imeandikwa macho, hata mzaliwa wa Amu atasoma macho, kwa sababu amesoma shule na anajua kusoma. Nyumbani kwake husema mato. Kichwa ni kitwa, jua ni yua, maji ni mai, nchi ni nti, kuja ni kuya. Hakuna hata moja kati ya haya litakaloingia kwenye mkusanyo, hata kama watu wote wa Wiyoni watajitolea kusoma usiku kucha, mpaka mtu aketi aandike sentensi za Kiamu na kuziingiza. Mhandisi hawezi kuziandika. Mwanalugha anaweza, lakini hana habari kwamba kuna mlango. Basi mlango unabaki wazi na hakuna apitaye.

Mwezi uliopita nilimwomba kijana wa jirani yangu, ambaye anasomea mambo ya kompyuta, aje barazani na simu yake tuijaribu programu moja ya kuandika usemi. Tulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa nahodha kwa miaka mingi. Nikamwambia, "Ami, iambie kitu cho chote, kama unavyosema na wajukuu." Mzee akaisogelea simu kama anayemwita mtoto aliye mbali: "Ndoo mwanangu, shika ndia ya tini!" Simu ikaandika: ndio mwanangu shika nia ya tini. Kijana akacheka. Mzee hakucheka. Akauliza, "Sasa hii tini ni lile tunda?"

Ndilo, kwa kadiri mashine inavyojua. Katika Kiamu, pale ambapo Kiswahili sanifu kina ch, sisi tuna t. Palipo na nj, tuna nd. Njoo ni ndoo, njia ni ndia, chini ni tini. Lakini t hii si ile t ya kawaida. Hutamkwa ncha ya ulimi ikigusa meno, ilhali t ya kuteka maji hutamkwa ulimi ukiwa juu kidogo, kwenye ufizi. Mwamu akisema kuteka kwa maana ya kucheka na kuteka kwa maana ya kuchota, hakuna Mwamu mwenziwe atakayechanganyikiwa. Herufi za Kirumi ndizo zinazochanganyikiwa, kwa kuwa zina t moja. Hapo mhandisi atakwambia kwamba mashine husikia mlio na haisomi herufi, kwa hivyo inaweza kufunzwa tofauti hiyo. Ni kweli. Ila itafunzwa iandike nini?

Swali hili linaonekana dogo, na ndipo penye kiini cha mambo. Wahandisi hupima ubora wa mashine inayosikia kwa kipimo cha makosa ya maneno. Huchukua maandishi sahihi yaliyoandaliwa na binadamu, huyalinganisha na maandishi ya mashine, kisha huhesabu maneno yaliyobadilishwa, yaliyoachwa na yaliyoongezwa, na kuyagawanya kwa idadi ya maneno ya yale maandishi sahihi. Sentensi ya mzee wetu ina maneno sita. Tuseme aliyeandaa maandishi sahihi ni mwalimu kutoka bara aliyefundishwa kwamba Kiswahili ni kimoja. Ataandika: njoo mwanangu shika njia ya chini. Sasa chukua ile mashine iliyoandika ndio, nia na tini. Makosa matatu kati ya sita, asilimia 50. Kisha chukua mashine nyingine, hodari, iliyomsikia mzee barabara na kuandika ndoo, ndia na tini kama alivyotamka. Nayo ina makosa matatu kati ya sita. Asilimia 50.

Mashine iliyosikia ovyo na mashine iliyosikia sawasawa zimepata alama moja. Mhandisi akiiangalia jedwali yake haoni tofauti yo yote. Si mjinga, wala hana ubaya na Waamu. Jedwali ndiyo isiyo na safu ya kumwonyesha.

Na kuna mashine ya tatu. Hii humsikia mzee akisema ndoo na kuandika njoo, ikapata makosa sufuri. Je, hiyo ndiyo tunayoitaka? Hapa mimi mwenyewe sina jibu moja. Mama akipiga simu kituo cha afya na kueleza kwamba mwana kitwa kinamuuma, na anayepokea ni karani wa kutoka Kitui, nitashukuru sana mashine ikimwandikia karani kichwa. Lakini mtafiti akija kurekodi masimulizi ya manahodha, kisha mashine imsafishie kila neno mpaka mzee aonekane alizaliwa katika kitabu cha kiada, hiyo ni hasara, na ni hasara isiyopiga kelele. Kuamua lini tusanifishe na lini tuache ni kazi ya watu wawili: anayejua mashine inaweza nini, na anayejua watu wanasema nini na kwa nini. Mmoja peke yake atakosea kwa upande wake.

Tumewahi kupitia njia hii. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliafikiana kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita kilikuwa na watetezi wake, wakiwemo wamishonari waliokuwa wamekitumia kwa miaka, na walishindwa. Kiamu, lugha ya tenzi kongwe tunazojivunia mpaka leo, hata hakikuwa mshindani mkuu. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ili kuusimamia uamuzi huo katika vitabu vya shule. Sikusudii kuufufua ugomvi huo. Bila usanifishaji nisingekuwa naandika gazetini ukaelewa Kisumu na Kigoma. Ninachosema ni kwamba mwaka 1928 kulikuwa na mkutano. Kulikuwa na watu waliojua kwamba kuna jambo linaamuliwa, hata kama wengi wao hawakuwa wenye lugha. Leo uamuzi kama ule unafanyika tena, katika safu za jedwali, na hakuna aliyeitwa.

Si kwamba wahandisi na wanafikra wa jamii hawajawahi kukaa pamoja. Wamekaa, na matokeo yake yanafaa kutazamwa, mazuri na mabovu. Kamusi ya Kiswahili ya mtandaoni iliyoanza katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 1994, haikuanzishwa na fundi wa kompyuta. Aliyeianzisha, Martin Benjamin, alikuwa msomi wa anthropolojia. Watu waliokuwa Uswahilini, Ulaya na Marekani wakawa wanaongeza maneno na kubishana juu ya maana yake wakati ambapo wengi wetu hapa tulikuwa hatujaona kompyuta kwa macho. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Pale wanalugha na wahandisi walilazimika kukaa pamoja kwa sababu ya kitu kidogo kabisa, nafasi kwenye kitufe. Mwanalugha hupendekeza istilahi ya maneno matano iliyo sahihi. Mhandisi humwonyesha kwamba kitufe kina nafasi ya neno moja. Hapo ndipo unapojua neno lipi ni la lazima.

Mfano wa pili ni wa Wikipedia ya Kiswahili. Mwishoni mwa mwaka 2009 Google iliandaa mashindano kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania, waandike makala kwa Kiswahili na washinde zawadi, zikiwemo kompyuta. Mamia ya makala yaliandikwa. Zawadi zilipotolewa, wengi wa waandishi hao waliondoka. Sishangai. Walialikwa kama vibarua wa shindano. Hakuna aliyewaingiza katika mazungumzo ya wale wachache waliokuwa wakiijenga Wikipedia hiyo tangu mwaka 2003, wakijadiliana kuhusu majina ya nchi, tahajia na vyanzo. Ukimleta mtu kwa zawadi, zawadi ikiisha naye ameisha.

Masakhane ni habari nyingine. Ni jumuiya ya watafiti wa Afrika nzima iliyoanza mwaka 2019, ikakutana zaidi mtandaoni, na jina lake ni neno la Kizulu lenye maana ya tujenge pamoja. Mwaka 2020 walichapisha makala ya kitaaluma juu ya tafsiri za mashine kwa lugha za Afrika, na orodha ya waandishi wake ilikuwa ndefu kupita kawaida. Sababu yake ndiyo ninayoipenda: hawakumhesabu kuwa mtafiti yule tu anayeandika programu. Anayeijua lugha, anayekusanya maandishi, anayekagua tafsiri na kusema hii si hivyo, wote walihesabiwa kuwa washiriki wa utafiti wenye haki ya jina. Wasomi tunajua jina lilivyo. Ukimwita mwanalugha kuwa mtoa taarifa, atakupa taarifa. Ukimwita mwenzako, atakwambia pia kwamba swali lako ni baya.

Hapa nyumbani Kenya tuna Kencorpus, kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Maseno, Chuo Kikuu cha Nairobi na Africa Nazarene, ambapo wanasayansi wa kompyuta na wanaisimu walifanya kazi bega kwa bega. Walienda kwa jamii, shuleni, kwenye vyombo vya habari na kwa wachapishaji, wakakusanya maandishi 4,442 yenye maneno milioni 5.6, na rekodi za sauti 1,152 za jumla ya saa 177, katika Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya. Kilichonivutia ni namna walivyokitendea Kiluhya. Hawakujidai kwamba ni lugha moja iliyonyooka. Walichagua lahaja tatu wakazitaja kwa majina yake, Kimarachi, Kilogooli na Kibukusu. Mwanaisimu akiwa mezani tangu mwanzo, jambo la namna hiyo linaonekana la kawaida. Kiswahili cha pwani nacho kingestahili kutajwa hivyo hivyo, Kiamu kwa jina lake, Kibajuni kwa jina lake, na hata Kipate na Kisiu, badala ya vyote kutumbukizwa katika kapu moja la "Kiswahili cha Kenya".

Common Voice nao, ni haki niseme, hawakulikwepa swali hili. Walioajiriwa kufanya kazi na jumuiya ya Kiswahili, wakiwemo Rebecca Ryakitimbo wa Tanzania na Britone Mwasaru wa hapa pwani ya Kenya, hawakukaa kuhesabu saa za sauti tu. Suala la lahaja liliwekwa mezani, na suala la sauti za wanawake pia, pamoja na mhandisi wa ujifunzaji wa mashine, Kathleen Siminyu. Nawataja kwa sababu ndio ushahidi kwamba mtu wa jamii akiwa ndani, maswali hubadilika.

Hili la sauti za wanawake acha nilikalie kidogo, kwa maana Wiyoni lina uzito wake. Ukiangalia takwimu tupu utaona wanawake wachache wamejitolea, na mhandisi mwenye nia njema atapendekeza kampeni ya kuwahamasisha. Mwanamke wa hapa niliyemweleza namna mkusanyo unavyofanya kazi aliniuliza swali moja: "Na sauti yangu ataisikia nani?" Nikamwambia, yeyote. "Mpaka lini?" Hapo ndipo jibu linapokuwa gumu. Kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, mtu ana haki ya kuondoa ridhaa yake. Lakini mkusanyo unaotolewa bure kwa dunia nzima ukishapakuliwa umepakuliwa. Mwenye nakala yuko Nairobi, yuko Berlin, yuko asikojulikana. Kwa familia nyingi za hapa, sauti ya mama wa nyumba si kitu cha kusikilizwa na wageni bila mpaka. Yule mama hana haja ya kuhamasishwa. Anafikiri, na ameuliza maswali mawili bora kuliko mengi niliyowahi kuyasikia kwenye makongamano.

Mtu anaweza kusema, basi aachwe, achukuliwe aliye tayari. Ukifanya hivyo utapata mashine inayomwelewa kijana wa kiume aliyesoma, na isiyomwelewa bibi yake. Na huduma zikishahamia kwenye sauti, ni bibi atakayezihitaji zaidi, kwa kuwa kijana anaweza kuandika. Zipo njia za katikati: mkusanyo unaotunzwa na chuo na kutolewa kwa masharti, sauti zinazotumika kufunzia mashine lakini hazisambazwi zenyewe, wanawake kurekodiana na kukaguana wenyewe kwa wenyewe. Wahandisi wanazijua njia hizi, au wanaweza kuzitengeneza. Ila hawatazitengeneza kama hakuna aliyewapelekea swali la yule mama likiwa zima, kabla halijawa asilimia.

Upande wetu wa lugha nao tuna madeni. Nimekaa kwenye mikutano ambapo mwanalugha alilalamika kwa saa nzima kwamba mashine "zinaharibu Kiswahili", na alipoulizwa na mhandisi ni sentensi zipi, za nani, zenye kosa gani, akarudi kwenye methali. Hiyo haimsaidii mtu. Mhandisi anahitaji vitu vya kushika: orodha ya jozi za maneno kama tini na chini, sentensi elfu za Kiamu zilizoandikwa kwa tahajia moja, maelezo ya lini mtu wa Wiyoni husema ndia na lini, akiongea na ofisa, hujigeuza akasema njia. Hili la mwisho ni elimu ya jamii hasa. Watu wetu wana lugha mbili kinywani na hubadili kwa kumtazama usoni wanayesema naye. Mashine haina uso. Mzee wetu alisema ndoo kwa simu kwa kuwa nilimwambia asema na wajukuu. Laiti ningemwambia ni ya serikali, angesema njoo, na sisi tungeondoka tukidhani mashine inakijua Kiamu.

Tena tusidanganyane kwamba tenzi zitatutosha. Kila ninapolitaja suala hili kuna anayesema, "Kiamu kimehifadhiwa, tuna Al-Inkishafi, tuna utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858." Tunazo, na ni hazina. Lakini mashine iliyofunzwa kwa tenzi peke yake haitaelewa mvuvi akiuliza bei ya barafu. Na mashairi ya walio hai yana wenyewe. Huwezi kuyachota na kuyamwaga katika mkusanyo wa bure bila idhini ya mshairi, hata kama nia ni kuikuza lugha.

Kwa hivyo baraza ninalolitaka si la sherehe, ambapo wazee huitwa siku ya uzinduzi waombe dua na kupigwa picha. Waitwe siku ya kuchora jedwali. Wajue safu ipi inaitwa lahaja na nani anaijaza. Walipwe, maana mhandisi aliye mbele yao analipwa, na ujuzi wa miaka sitini baharini haupungui thamani kwa kuwa hauna cheti. Na mkutano ufanyike kwa ujumbe wa sauti inapowezekana, kwa sababu wazee wengi hapa hawataandika kwenye kikundi cha simu, lakini wakipewa nafasi ya kusema hawanyamazi.

Kile kijaribio chetu cha barazani kimezaa kikundi cha namna hiyo, cha watu kumi na mmoja: wavuvi wawili, walimu watatu, vijana wanne wa kompyuta, yule mzee na mimi. Wanawake wana kikundi chao, na hatumo. Kazi tuliyoanza nayo ni majina ya samaki na ya pepo, kwa Kiamu na kwa Kibajuni, kila neno likisemwa na watu watatu. Kwenye samaki tumekwenda mbio. Tumekwama kwenye ile t. Vijana wanataka tuandike t mbili kwa alama tofauti ili mashine isichanganye. Walimu wanasema wazazi wataona ni makosa ya tahajia. Wiki hii mzee akatuma picha ya karatasi. Alikuwa ameandika maneno yote mawili, kuteka na kuteka, kwa herufi za Kiarabu kama alivyofunzwa chuoni utotoni, na kila t ina herufi yake. Mmoja wa vijana akakumbuka kwamba zipo zana za kuandikia Kiswahili kwa herufi hizo kwenye kompyuta, ziitwazo Andika!, zilizotengenezwa na Kevin Donnelly. Amezipakua, na Ijumaa baada ya Isha atakuja kumwonyesha mzee, waone kama zinakubali mwandiko wake.